Sura ya Saba: Gari Lililosimama Halijitetei

Mama lishe aliniita kabla sijalifikia gari langu.

"Mwanangu, njoo kwanza huku," alisema. Akajifuta mikono kwenye kanga, akafungua daftari lake la madeni. Kati ya deni la chapati mbili na chai la fundi viatu na deni la wali maharage la kijana wa bodaboda, palikuwa na namba ya gari imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Pembeni yake ameandika saa: 6:20.

"Ni kirikuu cha soda. Kilikuwa kinarudi nyuma. Dereva ameshuka, ametazama, amepanda tena, ameondoka. Nimepiga kelele wee, hakugeuka."

Ilikuwa Jumamosi, Sinza. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali shangazi aliyetoka hospitalini, nikaegesha IST yangu chini ya mwarobaini, nikakaa naye kiasi cha dakika 50. Niliporudi, taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa vipande kwenye mchanga, bampa linaning'inia upande mmoja, ubavu wa nyuma umebonyea kiasi cha kuingiza ngumi, na mlango wa buti umekataa kufunga.

Magari mawili yakigongana yakiwa mwendoni, huwa pana ubishi: nani aliwahi, nani hakuwasha indiketa, nani alikuwa na haki ya kupita. Gari lililoegeshwa mahali halali limeepukana na ubishi huo. Haki iko kwa mwenye gari tangu mwanzo. Lakini wengi ninaowafahamu waliogongewa magari yakiwa yamesimama walitengeneza kwa pesa zao wenyewe. Haki walikuwa nayo. Kilichowakwamisha ni kukosa karatasi za kuithibitisha. Ndiyo maana naanza sura hii na daftari la mama lishe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali inayolala nje.

Saa ya kwanza

Ukikuta gari lako limegongwa, hasira itakuja yenyewe. Iache ije, lakini mikono yako iwe na kazi.

Piga picha kabla hujagusa wala kuokota kitu. Anza kwa mbali, ionekane barabara, ukuta au mti ulioegesha karibu nao, na magurudumu yako yakiwa ndani ya eneo la maegesho. Kisha sogea: namba ya gari na sehemu iliyoumia katika picha moja. Halafu karibu kabisa: vipande vya taa vilivyo chini, na rangi ngeni iliyobaki kwenye bodi. Kwenye bampa langu ulibaki mchirizi wa rangi ya bluu, upana wa kidole. Niliegemeza chupa ya maji ya lita moja pembeni yake nikapiga picha, ili kimo cha mchirizi kutoka ardhini kionekane. Wiki tatu baadaye picha hiyo ndiyo iliyolinganishwa na kona ya bodi ya kirikuu kile, na vimo vikakubaliana.

Tazama juu ya milango ya maduka. Duka la dawa, wakala wa benki, hoteli, wengi wana kamera siku hizi. Waombe wakuonyeshe siku hiyo hiyo, kwa sababu mashine nyingi za kamera huandika rekodi mpya juu ya zile za zamani, na baada ya siku chache ile ya kwako haipo tena. Chukua jina na simu ya kila aliyeona. Mlinzi wa jengo, muuza vocha, kijana wa bodaboda kijiweni, hao ndio wanaokaa pale kutwa nzima wakati wewe uko ndani.

Kisha nenda polisi, siku hiyo hiyo. Watu huacha kwa kuhofia usumbufu, na wakishaacha wamejifungia mlango, kwa sababu kampuni ya bima itakudai karatasi za polisi. Kwa Tanzania karatasi hizo hujulikana kwa namba zake: PF 90 ni taarifa ya polisi kuhusu ajali, na PF 93 ni ripoti ya ukaguzi wa gari. (PF3 ni ya matibabu ya mtu aliyeumia, usiichanganye na hizi.) Kama aliyekugonga amekimbia, sema hivyo na iandikwe hivyo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyepata ajali asimame na ajitambulishe. Kukimbia ni kosa lingine linalosimama peke yake, mbali na lile la kugonga.

Neno moja kuhusu risiti ya maegesho. Ushuru tunaolipa kwa ajili ya kuegesha mjini ni wa kutumia nafasi. Anayekagua malipo si mlinzi wa gari lako, na usijenge dai lako juu ya risiti hiyo. Ina faida moja kubwa hata hivyo: inaonyesha kwamba uliegesha mahali panaporuhusiwa, na saa uliyoegesha. Itunze.

Bima ndogo, bima kubwa

Hapa ndipo wengi wanapopata mshtuko wa pili. Mtu ana stika ya bima, amelipa, haijaisha muda. Anampigia simu wakala wake kwa matumaini, na wakala anamwambia: "Dada, yako ni bima ndogo."

Bima ndogo ni ile inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Sheria hiyo inataka kila gari barabarani liwe na kinga dhidi ya kifo na majeraha ya watu wengine, na mikataba mingi ya sokoni huongeza uharibifu wa mali za watu wengine hadi kiwango kilichoandikwa. Tazama neno hilo: wengine. Kwa miaka mingi nimelipa shilingi 118,000 kwa mwaka kwa gari dogo la binafsi, yaani 100,000 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na katika miaka yote hiyo stika ile haikuwa ikililinda gari langu hata kwa senti moja. Ilikuwa ikimlinda yule nitakayemgonga.

Bima kubwa ndiyo inayolipa gari lako mwenyewe. Kiwango kilichozoeleka kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa gari la shilingi milioni 12, hiyo ni 420,000, na ukiongeza kodi ya asilimia 18 inafika 495,600. Ni pesa nyingi kwa mshahara wa kawaida, na simlaumu anayechagua ndogo. Nataka tu achague akijua alichonunua.

Kwa hiyo njia zako ni tatu. Kama aliyekugonga anajulikana na ana bima, unadai kwenye bima yake, hata kama wewe una ndogo. Kama una bima kubwa, unaweza kudai kwako, na kampuni yako ndiyo itakayomfuata mkosaji. Kama aliyekugonga hajulikani na wewe una bima ndogo, utatengeneza kwa mfuko wako. Njia hii ya tatu ndiyo iliyokuwa ikinisubiri mimi Sinza, na kilichoniokoa ni kalamu ya bluu ya mama lishe.

Ukishapata namba ya gari la mkosaji, huhitaji kuamini maneno yake kwamba bima anayo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima kwa namba ya usajili kupitia intaneti. Niliingiza namba ya kirikuu nikiwa bado nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi. Jina la kampuni lilitokea, na tarehe ya mwisho ilikuwa bado miezi minne mbele. Nilipumua.

"Dada, tumalizane"

Trafiki alimpigia simu mmiliki, na jioni ile dereva akaja. Kijana mdogo, shati limelowa jasho, macho chini.

"Dada, nisamehe. Niliogopa. Tumalizane hapa hapa, nina laki mbili."

Nakiri moyo ulinilegea. Kumalizana ni desturi yetu, na ni desturi njema. Inaokoa muda, inazuia chuki, inamwachia mtu kibarua chake. Lakini pana mambo mawili ya kupima kabla hujapokea noti.

Kwanza, wala wewe wala yeye hamjui gharama. Mnatazama ngozi ya gari, na ugonjwa uko ndani. Bampa la nyuma ni plastiki. Nyuma yake kuna boriti ya chuma inayobeba kishindo, na nyuma ya boriti kuna sakafu ya buti. Plastiki inaweza kurudi mahali pake ikaonekana nzima, huku boriti imepinda na mshono wa sakafu umeachia. Utajua masika yatakapoanza, utakapokuta maji yamejaa kwenye shimo la tairi la akiba.

Pili, kama una bima kubwa, kumalizana kunaweza kukufungia dai lako. Msingi wa bima ni fidia: urudishwe ulipokuwa, usipate zaidi. Mwaka 1883 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Castellain dhidi ya Preston, ambayo wanasheria wa nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, yetu ikiwamo, wanaisoma mpaka leo. Mwenye nyumba mmoja alikuwa amekubaliana na mnunuzi. Kabla mauzo hayajakamilika, nyumba ikaungua, na bima ikamlipa. Baadaye mnunuzi naye akalipa bei yote. Mahakama ikasema mwenye nyumba hawezi kubaki na vyote viwili, kampuni ya bima irudishiwe pesa zake. Kanuni hiyo inazaa nyingine: bima ikishakulipa, inavaa viatu vyako na kwenda kumdai mkosaji kwa haki yako. Ukimsamehe mkosaji kwa maandishi au ukapokea laki mbili na kusema yameisha, umevitupa viatu hivyo kabla haijavivaa, na kampuni ina sababu ya kukukatalia.

Kama uharibifu ni mkwaruzo tu na mnataka kumalizana, malizaneni kwa karatasi. Andikeni tarehe, namba za magari yote mawili, kilichoharibika, kiasi kilicholipwa, na saini mbele ya shahidi. Na msimalizane kabla fundi hajafungua.

Nilimwambia kijana: "Mdogo wangu, sitaki kukufunga wala kukufilisi. Bosi wako amelipia bima kwa ajili ya siku kama hii. Andika maelezo yako ya kweli, bima itafanya kazi yake." Akaandika, na maelezo yake yalilingana na ya mama lishe neno kwa neno.

Mthamini na gereji

Kampuni ya bima haitalipa kwa neno lako. Itatuma mthamini, ambaye kazi yake ni kuandika kilichoharibika na gharama yake. Anayemlipa ni kampuni, lakini wengi ni watu wa haki wakionyeshwa ukweli. Uwepo wakati wa ukaguzi. Usimwachie ufunguo ukaondoka.

Mthamini wangu alikagua gari nje ya ofisi kwa dakika kumi, akaandika 610,000: taa, bampa, kunyoosha na rangi. Nilimwomba jambo moja, kwamba tufungue bampa mbele yake. Fundi alitoa klipu na bolti, bampa likashuka, na wote watatu tukanyamaza. Boriti ilikuwa imekunjwa kama mkono wa kikombe. Makadirio mapya yalifika 1,120,000. Kama ningesaini yale ya kwanza, zile 510,000 zingekuwa zangu kulipa.

Peleka profoma za gereji mbili au tatu zenye mashine ya EFD. Fundi wa chini ya mwembe anaweza kuwa hodari kuliko wote mjini, lakini asiye na risiti hawezi kukusaidia kwenye dai. Na kagua mistari ya profoma: kila spea imeandikwa peke yake, mpya au mtumba, na gharama ya ufundi imetengwa.

Kuna makato mawili ya kuyafahamu. La kwanza ni uchakavu. Ukifungiwa taa mpya mahali pa taa ya miaka kumi na tano, umepata zaidi ya ulichopoteza, na kampuni inaweza kukata tofauti. Mimi nilikatwa 70,000 kwa taa, nikaona ni haki. Rangi na ufundi wa kunyoosha ni jambo jingine. Ukikatwa uchakavu hapo, uliza kwa barua wameupata kwenye kifungu gani.

La pili linamhusu mwenye bima kubwa anayedai kwake: kiasi anachojilipia kabla kampuni haijaanza kulipa. Tuseme mkataba wako unasema asilimia 10 ya dai, isipungue 250,000. Dai la 1,120,000 likipita, asilimia 10 ni 112,000, chini ya kiwango, kwa hiyo unajilipia 250,000 na kampuni inalipa 870,000. Lakini kwa mkwaruzo wa 280,000, kampuni itakupa 30,000 tu, na huenda mwaka ujao ukapoteza punguzo la asiyedai. Dai la namna hiyo afadhali uliache. Ukidai kwenye bima ya mkosaji, makato haya ya pili hayakuhusu.

Jihadhari pia na kushusha thamani ya gari ili ulipe bima kidogo. Mikataba mingine ina kifungu cha uwiano. Gari la milioni 12 ukiliandikisha kwa milioni 8, umelikatia bima theluthi mbili. Likipata hasara ya milioni 3, unaweza kulipwa milioni 2.

Chini ya rangi

Pesa ikipatikana, kazi haijaisha. Fundi bodi mzuri hunyoosha bati kwa nyundo na tako la chuma mpaka likaribie umbo lake, kisha hupaka puti nyembamba ya kusawazisha. Fundi mwenye haraka huliacha shimo, akalijaza puti, akapiga msasa, akapuliza rangi. Siku ya kuchukua gari huwezi kutofautisha kwa macho. Baada ya mwaka mmoja wa jua la Dar na matuta ya barabarani, puti nene hupasuka, maji huingia, na kutu huanza kula chini kwa chini.

Nilikwenda na sumaku ndogo ya mlango wa friji, nimeifunga kwenye kitambaa laini. Niliipitisha kwenye ubavu wa kulia ambao haukuguswa, ikang'ang'ania. Nikaipitisha kushoto. Juu ilishika, karibu na taa ilianguka mkononi. Fundi aliniangalia, akaiangalia sumaku.

"Hapo nitarudia," alisema. Alirudia, na namshukuru kwamba hakubishana.

Kuhusu rangi, usikubali "hii ni silva, silva zote ni moja". Kila gari lina namba ya rangi kwenye kibati cha kiwandani. Kwa Toyota tafuta herufi C/TR, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, yangu ni 1F7, rangi ya fedha. Wachanganyaji wa rangi huanzia kwenye namba hiyo. Hata hivyo gari lililokaa juani miaka mingi limefifia, na rangi sahihi kwa namba itaonekana ngeni pembeni yake. Mwombe fundi aipulize ikififia taratibu kuelekea mlango wa jirani, na ulikague gari nje, mchana, si ndani ya gereji chini ya taa.

Spea za mtumba zinapatikana Gerezani na Shaurimoyo kwa bei ya nafuu, lakini dai risiti, kwa sababu taa na vioo vya pembeni huibwa kwenye magari yaliyoegeshwa kama lako. Ukipata taa mpya, fanya kama wanavyofanya wengi Dar: ichorwe namba ya gari lako kwenye lenzi. Mwizi huipita taa asiyoweza kuiuza.

Kabla ya kusaini vocha ya kukubali malipo ya mwisho, isome yote. Ukishaisaini, umesema huna dai tena kwa ajali ile. Na kama kampuni inakuzungusha au imekukatalia bila sababu iliyoandikwa, peleka malalamiko kwake kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukikwama, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya mwananchi asiye na uwezo wa kuweka wakili. Watakuuliza kwanza una karatasi gani.

Kalamu ya bluu

Dai langu lilichukua wiki tisa. Katika wiki ya tatu, kampuni ilitaka shahidi athibitishe maelezo yake. Mama lishe alifunika masufuria, akamwachia binti yake kibanda saa za mchana, saa ambazo ndizo zinazomlisha, akaja nami kituoni akiwa na daftari kwapani. Nilipotaka kumfidia kazi aliyoikosa, alikataa. "Gari halina mdomo, mwanangu. Lingesemaje?"

Sasa naweka daftari na kalamu kwenye dashibodi. Miezi michache baadaye, Mwenge, niliona bajaji ikikwaruza mlango wa Passo nyeupe iliyoegeshwa na kupotelea kwenye foleni. Sikumjua mwenye gari. Niliandika namba ya bajaji, saa, na simu yangu, nikachana karatasi, nikaikunja mara mbili na kuibana chini ya waipa, upande wa dereva, mahali ambapo angeiona kabla hajauona mkwaruzo.